NKUBA HAINA JINA LA JIRANI



Kila mara kapita mkuu akiandika katika karatasi hii, anaandika juu ya kengele, ufagio, na wale wanaochelewa sala ya asubuhi. Leo ufagio upumzike. Nataka kusema juu ya mvua yenye radi, juu ya upepo mkali, na juu ya majina tunayoyapa mambo hayo. Najua wengine watacheka na kusema: "Kapita alikosa mambo ya kuandika." Hapana, sikukosa. Musome kwanza mpaka mwisho. Kuna mtu tuliyemkosea, na mimi ni mmoja wa waliomkosea.

MAMBO YALIYOTOKEA

Munakumbuka ile siku ya tano katika mwezi wa 11. Mwaka wa sita tulikuwa tunacheza mpira na mwaka wa tano, na tulikuwa nyuma, mabao mawili kwa moja. Jua lilikuwa bado linachoma. Lakini upande wa mashariki wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini kama tako la chungu, jeupe juu kama pamba. Tulisikia ngurumo mara mbili, mbali kidogo. Mwamuzi akatazama saa, akasema: "Zimebaki dakika kumi, tumalize tu." Hakuna aliyekataa. Mimi nilikuwa kando ya uwanja. Filimbi ya kapita ilikuwa mfukoni mwangu na ningeweza kuipiga. Sikuipiga, juu nilitaka tusawazishe.

Matone ya kwanza yakaanguka, mazito, moja moja. Watazamaji wadogo wakakimbilia chini ya ule mwembe wa kona. Halafu kukawa mwanga mweupe na mlio kwa wakati mmoja, mlio ambao sikuusikia kamwe mbele ya siku ile. Gome la mwembe likapasuka toka juu mpaka chini. Watoto wawili walilala chini. Mmoja aliamka mwenyewe akilia. Wa pili, kijana wa mwaka wa pili, hakuamka. Watu wakasimama mbali, wakiogopa kumgusa, mpaka mwalimu mmoja akaja mbio, akapiga magoti katika matope, akampulizia pumzi kinywani. Kijana akarudi. Tumshukuru Mungu, leo yuko darasani, ijapokuwa sikio la kushoto halisikii vizuri.

Hayo yalikuwa ya mchana. Mabaya yetu sisi yalikuja usiku. Katika dortwari mmoja alisema: "Ile haikuwa mvula ya Mungu. Ile ni nkuba ya mutu." Mwingine akauliza: "Ya nani?" Wakanyamaza kidogo. Halafu sauti ikatoka kitanda cha pembeni: "Ule mama wa karanga, hamukusikia vile alisema 'mutaona'?"

Ni kweli, alisema. Vijana wetu walikula karanga zake kwa deni, na siku ya kulipa wakamcheka. Yeye akajibu: "Mutaona." Mama yangu mzazi ananiambia neno hilo mara tatu kwa siku, na sijapigwa na radi hata siku moja. Lakini usiku ule, katika giza, neno hilo likageuka kuwa ushuhuda.

Asubuhi vijana sita walitoka mbele ya kengele. Walipindua meza ya yule mama, wakamwaga karanga zake katika matope, wakamwita mulozi mbele ya watoto na wapita njia. Mimi nilikuwa mlangoni, niliwaona wakitoka. Kazi ya kapita ni kuuliza: "Munaenda wapi?" Sikuuliza. Ndiyo, mimi wa mwaka wa sita, ninayesoma fizika na kungojea egzame ya Taifa, usiku ule nilisadiki nusu. Toka siku ile mahali pa meza yake ni patupu. Munapita pale kila siku, munapaona.

TUYAPANGE MAJINA

Neno langu ni moja tu: jina unalolipa jambo ndilo linaloonyesha miguu yako pa kwenda. Ukisema "nkuba ya mutu", miguu inakwenda kwa mtu, na mikono inabeba fimbo. Ukisema "radi ya wingu lile", miguu inaondoka chini ya mwembe. Basi tuyapange majina yetu vizuri, kwa sababu katika shule hii tunayachanganya sana.

Kwanza radi. Wazee wetu katika Kiluba wanasema nkuba. Katika Kiswahili tuko na umeme, ngurumo na radi. Katika Kifaransa cha darasani tuko na éclair, tonnerre na foudre. Ni kitu kimoja kinachotufikia kwa njia tatu. Umeme ndio mwanga unaouona, ngurumo ndiyo sauti unayoisikia, na radi ndiyo ile inayofika chini na kupiga.

Pili, mvua ya radi, ile Wafaransa wanayoiita orage. Ni wingu moja kubwa pamoja na maji yake, upepo wake na radi zake. Huyu ndiye mgeni wetu wa kila mwaka hapa Sanga na Kamina yote, toka mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 4. Anakuja mchana, anapiga kelele saa moja au mbili, anakwenda.

Tatu, ule upepo unaokimbia mbele ya mvua. Wingu likizeeka, hewa ya baridi inaanguka toka juu pamoja na maji, inagonga chini na kutawanyika pande zote, kama maji ya ndoo ukiyamwaga sakafuni. Ndiyo maana tunasikia baridi ghafula, vumbi linainuka, milango inagonga, na manjanja yasiyopigiliwa vizuri yanaruka. Yalipotoka manjanja juu ya madarasa yetu mawili, kila mtu alisema: "Sikloni ilipita Sanga!" Hata mimi nilisema hivyo, sababu jina lilikuwa tamu mdomoni. Lakini halikuwa jina la kweli.

Sasa ya nne, sikloni yenyewe. Ndugu zetu wa pwani wanaiita kimbunga au tufani. Hiyo inazaliwa baharini tu, mahali maji yana joto la digri 26 au 27 na zaidi. Maji hayo yanageuka mvuke, mvuke unapanda, unageuka mvua na kuachilia joto lake, na joto hilo linavuta hewa nyingine. Kisha yote inaanza kuzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Upana wake unaweza kuwa kilomita mia nyingi, na katikati kuna jicho tulivu lisilo na upepo. Inaweza kuishi siku nyingi. Ikiingia nchi kavu inakosa maji yake ya moto, inalegea na kufa. Toka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,500, na nchi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,000. Basi sikloni haifiki kwetu. Ile iliyopeperusha manjanja yetu ilikuwa mvua ya radi tu, na misumari michache.

Hata neno sikloni liko na baba yake. Ni Henry Piddington, Mwingereza aliyekaa Calcutta katika Uhindi, aliyelitunga katika miaka ya 1840. Alilitoa katika Kigiriki, kwa mfano wa nyoka aliyejikunja. Katika Atlantiki wanasema ouragan, upande wa Uchina na Japani wanasema typhon, kwetu Bahari ya Hindi wanasema cyclone. Majina matatu, nyoka mmoja.

TUFANI ZENYE MAJINA YA WATU

Hapa ndipo wenzangu wanapouliza: "Kama nkuba haina jina la mutu, juu ya nini kwenye radio tunasikia Idai, Kenneth, Freddy, Chido? Hao si watu?" Ni swali zuri, na ndilo lililonifanya nitafute.

Tangu mwaka 1960 tufani za upande wetu wa Bahari ya Hindi zinapewa majina. Nchi za sehemu hii zinapendekeza majina, nayo yanapangwa kwa alfabeti mbele ya majira kuanza. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, tufani inapewa jina linalofuata katika orodha. Jina liko tayari wakati tufani yenyewe haijazaliwa, kwa hiyo hakuna awezaye kusema lilichaguliwa kwa hasira. Idai ni neno la Kishona lenye maana ya pendo. Batsirai, iliyopiga Madagascar mwezi wa 2 mwaka 2022, ni neno la Kishona pia, maana yake ni kusaidia. Katika mwezi wa 2 mwaka 2025 ilikuwako hata tufani yenye jina la Kiswahili, Faida!

Jina linafanya kazi gani? Linafanya kazi ya kengele. Mvuvi wa Msumbiji akisikia radio inasema Chido inakuja, anajua ni ipi, iko wapi, na inafika lini. Hawezi kuichanganya na ile ya juma lililopita. Anavuta mtumbwi wake juu, anafunga paa lake kwa kamba, anapeleka wazee na watoto kwenye nyumba yenye nguvu.

Na kengele hiyo si ya mchezo. Idai iliingia karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 2019, na katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi watu zaidi ya 1,000 walikufa. Juma sita baadaye Kenneth ikapiga Komoro na Cabo Delgado. Freddy ya mwaka 2023 ilitoka upande wa Australia, ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikaishi zaidi ya majuma matano. Katika Malawi ilileta mvua iliyoporomosha milima: watu zaidi ya 600 walikufa, na zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Hidaya ilikaribia pwani ya Tanzania mwezi wa 5 mwaka 2024. Chido ilivunja Mayotte mwezi wa 12 mwaka ule ule, kisha ikaingia Msumbiji. Zamani, mwaka 1872, kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Kile hakikuwa na jina, wala hakukuwa na radio ya kuwaambia watu kwamba kinakuja.

Na sisi Wakongomani tuko na mfano wetu wenyewe. Mwanzo wa mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mito ilishuka milimani na mawe, ikafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ile haikuwa sikloni, haikupewa jina lolote, na wale wa Nyamukubi hawakusikia kengele. Mvua isiyo na jina inaua sawasawa na ile yenye jina.

Lakini musifikiri kwamba Wazungu hawakukosea katika jambo hili la majina. Mwisho wa karne ya 19, katika Australia, alikuwako bwana mmoja wa hali ya hewa, Clement Wragge. Aliyekuwa wa kwanza kupa tufani majina ya watu ndiye yeye, na akiwa na ugomvi na mwanasiasa fulani, alichukua jina la mwanasiasa huyo akaipa tufani, ili asome katika gazeti kwamba yeye ni mharibifu. Watu walicheka. Baadaye, toka mwaka 1953, Wamarekani wakazipa tufani za Atlantiki majina ya wanawake tu. Kila mwaka gazeti lilisema: mwanamke fulani amebomoa, mwanamke fulani ameua. Wanawake wakachoka. Mmoja wao, Roxcy Bolton wa Florida, aliwaandikia na kuwasumbua wakubwa miaka mingi. Mwaka 1979 majina ya wanaume yakaingia katika orodha ya Atlantiki.

Nilipojifunza mambo hayo nilikaa kimya. Maana sisi, usiku ule katika dortwari, tulifanya kama Wragge: tuliipa mvua jina la mtu tuliyegombana naye. Tena tulichagua mwanamke, tena mzee, tena asiye na mtu wa kumtetea. Juu ya nini nkuba ya mutu haiko kamwe ya kijana mwenye nguvu, au ya tajiri mwenye motokari? Mujiulize wenyewe.

WINGU LILE LILIKUWA NA NINI NDANI

Sasa niseme kwa ufupi vile mwalimu wa fizika alivyotufundisha, kwa ajili ya wadogo ambao hawajafika pale.

Jua linapochoma udongo wenye maji, hewa ya moto inapanda juu sana, kilomita 10 na zaidi. Huko juu ni baridi kali, maji yanaganda. Chembe za barafu na mvua ya mawe zinagongana katika wingu, na kila zinapogongana zinapokonyana umeme, kama vile kitana kinavyofanya ukikisugua katika nywele kavu. Chembe nyepesi zinapanda na umeme wa namna moja, nzito zinabaki chini na wa namna nyingine. Vikizidi, vinatafutana. Njia ya radi inapata moto wa digri karibu 30,000, zaidi ya uso wa jua. Hewa inapasuka ghafula kwa joto hilo, na kule kupasuka ndiko ngurumo.

Kwetu Kongo kuna joto na unyevu mwingi, basi radi ni nyingi. Wataalamu waliohesabu kwa setilaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba karibu na Kabare, katika milima ya Kivu, umeme unamulika zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Duniani kote ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu linalopita hapo. Je, walozi wote wa dunia wamehamia Kabare na Venezuela? Ama ni milima, maji na joto?

MANENO YA WENZANGU

Nimezungumza na wengi mbele ya kuandika. Nitajibu maneno yao matatu.

Mmoja aliniambia: "Kapita, wewe haujue. Kule Kasai nkuba iliua timu moja yote, ingine ikabaki." Ninajua. Ilikuwa mwezi wa 10 mwaka 1998, mechi ya Bena Tshadi na Basanga. Magazeti ya Kinshasa na ya ng'ambo yaliandika kwamba wachezaji 11 wa timu moja walikufa na wa timu nyingine hawakuumia, na watu wengi wakasema ni ulozi. Lakini radi ikipiga chini inatambaa katika udongo, na nguvu yake inapungua ikienda mbali. Waliokusanyika karibu wanaanguka, waliosimama mbali wanabaki. Mwezi ule ule, Afrika ya Kusini, radi ilipiga uwanjani Jomo Cosmos wakicheza na Moroka Swallows, na wachezaji kadhaa wakaanguka. Wingu halijui rangi ya jezi. Na tutazame mwembe wetu: walioanguka ni wale wawili waliokuwa wameegemea shina. Kijana wa mwaka wa pili hakuwahi kula karanga za deni hata moja. Wenye deni walikuwa katikati ya uwanja, wakakimbia wazima. Kama yule mama ndiye aliyetuma, basi alituma vibaya sana.

Wa pili alisema: "Unadharau wazee." Hapana. Wazee wetu walisema mvua ikija tusisimame chini ya mti mrefu, tutoke mtoni, tuweke jembe chini, tukae kimya ndani. Yote hayo ni kweli, na siku ile sisi wenye vitabu hatukufuata hata moja. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema, na sisi tuliliona wingu tukahesabu mabao. Ninachukua maneno yao ya kuokoa. Yale ya kumtafuta mtu wa kupiga, ninayaacha.

Wa tatu alileta Biblia: "Yona je? Bahari ilichafuka juu ya mtu mmoja." Ni kweli. Lakini soma tena. Yona alijitaja mwenyewe, na hata hivyo mabaharia wale wapagani walipiga makasia kwa nguvu kwanza, ili wasimtupe. Vijana wetu wa sala ya asubuhi hawakupiga kasia hata moja. Tena soma habari ya Eliya mlimani: upepo mkubwa ulipita, na Bwana hakuwa ndani ya upepo ule. Kama Bwana hakuwa ndani ya upepo, sisi tulipata wapi ruhusa ya kumweka mama wa karanga ndani yake?

MAOMBI YANGU

Ninaomba mambo manne, na ninayaomba kwa walimu na kwa wanafunzi.

1. Filimbi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko kilomita 10 au karibu zaidi, na inaweza kukufikia. Basi mchezo, shamba na gwaride visimame hapo hapo, watu waingie ndani, wasitoke mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Toka leo kapita yeyote akiwa na filimbi ataipiga, hata kama timu yake iko nyuma. Ninaomba walimu wamuunge mkono, wasimwambie "zimebaki dakika kumi".

2. Mahali. Chini ya mti hapana. Kibanda cha majani hakikingi. Ndani ya darasa tukae mbali na madirisha na ukuta. Aliyekutwa wazi asilale chini. Achuchumae, miguu pamoja. Wale wanaosema nguo nyekundu na kioo vinaita radi, wasipoteze wakati wa kukimbia wakivua shati.

3. Kumgusa aliyepigwa. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa. Mara nyingi moyo na pumzi vimesimama tu, na vikisaidiwa haraka vinaweza kurudi, kama vile tulivyoona kwa macho yetu. Ninaomba mwalimu yule atufundishe sote kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Juu ya woga wetu, tulisimama tukitazama mtoto akifa.

4. Paratoneri. Toka Benjamin Franklin mwaka 1752 watu wanajua kwamba fimbo ya chuma juu ya paa, yenye waya mnene unaoshuka mpaka ndani ya udongo, inaweza kuipa radi njia yake. Mwezi wa 6 mwaka 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya katika Uganda, ikaua watoto zaidi ya 15 na mwalimu wao, na walikuwa ndani ya darasa. Najua pesa ni kidogo. Lakini tukiweza kununua jezi mpya, tunaweza kuanza sanduku la paratoneri. Na misumari ya manjanja ihesabiwe kabla ya mwezi wa 10, wakati mafundi wako na nafasi.

Liko la tano, lakini hilo si ombi kwa walimu. Ni letu.

Nimepata kujua mahali yule mama anapokaa. Siku ya posho, kisha kazi za mikono, nitakwenda kwake pamoja na mzee mmoja wa kanisa ambaye amekubali kutusemea. Nitamwambia kwamba mimi ndiye kapita niliyesimama mlangoni. Deni la karanga nimelihesabu na wenyewe, nao wamelipa, pesa ziko katika bahasha. Meza iliyovunjika imetengenezwa na wa mwaka wa tano. Zimebaki karanga zilizomwagwa. Nimeweka sanduku karibu na mlango wa dortwari. Kila mmoja atie anachoweza, hata faranga mia mbili.

Wanne kati ya wale sita wamesema watakuja. Wawili bado wanaogopa. Sitawataja majina, maana nimeshawaambia vile jina linavyoweza kumharibu mtu. Lakini nitawangojea mlangoni saa nane, mahali pale pale niliposimama asubuhi ile, na safari hii nitauliza: "Munaenda wapi?"

Wenu katika kazi,
Kapita mkuu, mwaka wa sita